Siku Mama Alipokatwa

Mjukuu wangu alitaka kuitupa sahani yangu. Aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, akasema, "Koko, bibi yangu, hii kitu imeoza. Ona, hata maharagwe yatapita hapa. Tutakununulia ya plastiki." Nikamwambia airudishe pale alipoitoa kabla sijasimama. Akacheka, akairudisha. Yeye anaona bati lililobonyea na rangi iliyobanduka. Mimi naona mchanga wa upande wa Kalundu asubuhi, mgongo wa babu yangu, na shingo ya mama ikiwa wazi juani, inangoja.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Kwanza ulikuja uhuru, watu wakacheza barabarani mpaka vumbi likapanda juu ya mapaa. Kabla vumbi hilo halijatua vizuri wakaja vijana wa uasi na majani kichwani, na nyuma yao ndege za serikali. Kila mtu wa Uvira ana namna yake ya kuikumbuka miaka hiyo. Wengine wanaikumbuka kwa njaa, wengine kwa waliowazika. Mimi naikumbuka kwa neno moja, kukatwa, na nitaeleza kwa nini.

Sisi tulikuwa watu wa Kundi. Jina jingine hatukuwa nalo. Tuliishi nyumba chache pale Kalundu, ufukweni mwa ziwa, wote tumevaa amerikani nyeupe, na mkubwa wetu alikuwa babu yangu, baba yake mama, Mzee Lazaro. Watu wengine wote wa dunia waliitwa wa nje. Wa nje hatukuwapa mkono. Ngoma hatukucheza, pombe hatukuinusa, karti ya chama chochote hatukuishika, na siku moja katika juma ilikuwa Siku ya Mikono Mitupu. Siku hiyo tulikaa mbele ya nyumba ya babu, mikono juu ya magoti, viganja vimefunguliwa Mungu avione, tangu jua linatoka mpaka linazama. Mama mwenye mtoto mchanga aliruhusiwa kunyonyesha. Hakuruhusiwa kufukuza nzi.

Msifikiri babu alikuwa mtu mbaya. Alinibeba mabegani nikiwa mgonjwa, akanitafunia samaki nisile miiba. Lakini alikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua: ukishafunga, umefunga.

Mtu aliyevunja sheria ya Kundi akakataa kuomba msamaha, alikatwa. Ndivyo tulivyosema. Fulani amekatwa. Baada ya hapo jina lake halikutajwa tena. Wakubwa walijua maana yake, sisi watoto hatukuelezwa, kwa sababu siku ya kumkata mtu tulipelekwa kwenye maji, tukaambiwa tutazame upande wa Burundi na tuimbe kwa nguvu. Basi kila mtoto alijijazia mwenyewe. Kwetu kulikuwa na panga moja, la kukatia miti ya muhogo, na mimi nilijua kukata ni nini.

Baba yangu hakuzaliwa katika Kundi. Alitoka huko uwandani, upande wa Mutarule, akamwona mama akigeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juani, akavaa nyeupe ili ampate. Alikuwa mtu wa kucheka, na kicheko katika Kundi kilikuwa kama chumvi kwenye uji. Siku ya uhuru alitoka asubuhi akisema anakwenda kutazama tu. Alirudi jioni, mgongo umeloa jasho, nguo nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi, na miguu yake bado inataka kucheza. Babu akamuuliza, "Ulicheza?" Baba akajibu, "Nilicheza, Mzee. Na kesho wakipiga tena nitacheza."

Kesho yake tulipelekwa kwenye maji. Niliimba kuliko watoto wote, mpaka koo likauma, ili nisisikie. Tuliporudi baba hakuwepo. Mbele ya nyumba ya babu mchanga ulikuwa mwekundu, umelowa, na vigae vya kitu kilichovunjika vimetapakaa. Mama alikuwa amekaa chini, ameuma pindo la kikwembe chake, ile nguo ya kujifunga. Nikamuuliza, "Baba iko wapi?"

"Usiseme tena hilo jina, mwanangu," akasema.

Nikaelewa. Mtoto anaelewa haraka sana anapoelewa vibaya. Nilikwenda nikaufukia ule wekundu kwa mguu wangu, polepole, mpaka haukuonekana tena, ili mbwa wasije kuulamba. Nilikuwa bado na meno ya utoto.

Miezi ikapita, mama akamzaa Amani, mdogo wangu. Nikawa namtazama yule mtoto nikifikiri, maskini, hajui kwamba baba yake alikatwa. Na vita vilipokuja, kila neno la njiani lilithibitisha nilichokuwa nimekijua. Watu waliopita wakikimbia kutoka uwandani, vitanda kichwani, mbuzi kwa kamba, walisema kule watu wanakatwa. Hawakuwa wa Kundi, na neno lao lilikuwa lile lile letu. Sikuona ajabu yoyote.

Alikuwepo mwanamke mmoja mchuuzi wa ndagala, Mama Zaina, wa nje, mnene, mwenye maneno mengi. Alikuwa akija na sinia lake kutoka mjini, akisimama mbali kidogo kama sheria ilivyotaka, na mama akimwekea ndagala chini ili mikono isigusane. Mama Zaina akainama kuokota, akiguna.

"Hata mbwa wanamupa chakula kwa mkono," alisema. "Minye, muntu, munanitupia."

"Si minye, ni sheria," mama alijibu.

"Sheria." Akapanga ndagala kwenye sinia. Kisha, kila mara, kabla ya kuondoka, alisema bila kumtazama mama: "Muntu wa Rugenge anauliza kama ndagala yake ingali kwa jua."

Na mama, kila mara: "Mwambie bado haijakauka."

Huyo mtu wa Rugenge, mtaa wa mjini, nilimchukia. Nilimwona akilini, mnunuzi mwenye tumbo, anayesumbua watu kwa ndagala yake moja isiyokauka. Nilimwuliza mama kwa nini asimpe nyingine. Akanipiga kofi dogo la mgongo, akageuka, nikaona mabega yake yanacheza. Sikujua kama anacheka au analia.

Msimu wa mvua ulipoanza, milio ya bunduki ilikuwa imesogea. Asubuhi tulikuwa tunasikia mbali, kama mtu anayetwanga kwa jirani. Watu wa Kalundu walianza kupanda milimani na unga na ndagala kavu. Babu akasema hakuna wa Kundi atakayepanda. "Anayekimbia anasema Mungu amelala," alisema. Mama Zaina alikuja mara ya mwisho bila sinia. Hakuuliza habari ya ndagala. Akasema tu, "Muntu wa Rugenge anapanda mulima wiki hii. Hataingoja jua yako tena."

Siku hiyo nilikuwa nyuma ya jiko, namenya muhogo, nikamsikia mama akiongea na babu ndani.

"Baba, mtoto wa mgongoni hajui sala. Anajua njaa. Nipe ruhusa nipande naye, na huyu mkubwa."

"Mlango hauna kufuli, Sifa."

"Najua hauna kufuli. Nataka unipe ruhusa."

"Ruhusa si yangu. Ukitoka, nitakukata." Babu akashusha sauti kidogo, akasema, "Minye mwenyewe. Sitampa mwingine kazi hiyo. Weye ni damu yangu."

Muhogo uliniponyoka. Nilisikia neno damu, basi, mengine sikuyasikia. Nilikwenda nikachukua panga letu pale lilipoegemea ukuta, nikalifunga kwenye nguo yangu, nikaingia nalo ziwani mpaka maji yakanifika kifuani, nikalitupa kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Lilizama bila kelele.

Mama akalitafuta mchana kutwa. "Panga iko wapi? Weye mutoto, panga iko wapi?" Nikatingisha kichwa. Alinichapa, nikanyamaza. Nilipokea viboko vile kwa furaha ambayo sijaipata tena maishani. Lakini jioni nilitoka nje nikamkuta babu amekaa kwenye kigogo, na panga la jirani juu ya jiwe, analinoa. Alikuwa anatemea mate, ananoa, anajaribu makali kwa kidole gumba. Aliponiona akatabasamu. "Njoo, koko mdogo," akasema, "kesho kutwa tunakata muhogo." Nikakimbia.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Mikono Mitupu. Wanaume walikuwa wamevua sana, ufukwe wote ulikuwa ukimetameta kwa ndagala, na zilikuwa hazijakauka sawasawa. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu chote cha kungojea vita nacho. Tulikaa, viganja juu. Mlio wa bunduki ulitoka kaskazini, safari hii si kutwanga kwa jirani, ni kutwanga uani kwako. Kisha mbingu ikawa nyeusi juu ya milima, na upepo ukaja na ile harufu ya vumbi linalongoja maji.

Matone ya kwanza yalipiga ndagala. Kama mmewahi kusikia harufu ya ndagala zilizonyeshewa, hamuisahau. Ni harufu ya kazi yako inayooza ukiitazama. Hakuna aliyeinuka. Babu akaanzisha wimbo. Tukaimba. Niliona machozi yanamtoka shangazi yangu huku mdomo wake unaimba.

Mama akainuka.

Amani alikuwa mgongoni. Akafungua kikwembe cha juu, akakitandaza, akaanza kukusanya kwa mikono miwili, kwa haraka ya mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu utoto: kiganja hiki kinasukuma, kile kinapokea. Wimbo ukapungua, sauti moja moja, mpaka akabaki babu peke yake, na yeye akanyamaza.

"Sifa. Weka chini."

"Mvua iko inakuya, Baba."

"Naiona. Weka chini, rudi ukae, tutaomba wote usamehewe."

Mama akaendelea. Maji yalimtiririka usoni. "Baba, miaka yote nimefungua mikono, Mungu ameiona ni mitupu. Leo aione imejaa."

Nilimwita, "Mama, kaa." Nilitaka kumwambia panga la jirani limenolewa. Akanitazama, akatikisa kichwa, akafunga mzigo wake.

Watu wakamgeukia babu. Na hapo ndipo sheria yenyewe ikamwokoa mama kwa muda: siku ile mkono wa mtu wa Kundi haukuweza kuinua kitu chochote. Hata kukata. Babu akasema, "Kesho, jua likitoka." Mama akaketi mbele ya mlango wetu na mzigo wake wa ndagala, na sisi wengine wote tukakaa na viganja vyetu juu, mvua ikavijaza maji.

Asubuhi shangazi alinishika mkono kunipeleka kwenye maji pamoja na watoto wengine. Walikuwa wameshaanza kuimba. Nikamuuma. Nilimuuma mpaka nikaonja chumvi, akaniachia, nikakimbia kurudi.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba ya babu. Kitambaa cheupe cha kichwa alikuwa amekivua, amekikunja vizuri mbele yake, kwa sababu kilikuwa cha Kundi. Shingo yake ilikuwa wazi. Sijawahi kuona kitu chembamba kama shingo ya mama asubuhi ile. Watu walikuwa wamesimama duara. Babu akatoka ndani, ameshika kitu chini ya nguo yake.

Nikapita katikati ya miguu ya watu. Niliweka mikono yangu miwili juu ya shingo ya mama, nikaibana. Niliwaza kwamba akipiga, atapiga hapa kwanza, labda atachoka.

"Toa huyu mutoto," mtu akasema.

"Mwacheni," babu akasema. Sauti yake haikuwa yake.

Akatoa mkono. Ulikuwa umeshika sahani. Sahani ya mama, ya bati, nyeupe yenye mdomo wa buluu, ile aliyopewa na baba walipooana, na ndani yake kulikuwa na bugali kidogo umemiminiwa mafuta ya mawese. Babu akasema maneno ya Kundi, kwamba huyu hatakula tena nasi wala jina lake halitalala katika nyumba zetu. Akamwaga chakula chini. Mawese yakaenea kwenye mchanga, mekundu, yakiulowesha.

Nikayatazama. Nilijua ule wekundu. Niliufukia kwa mguu wangu.

Kisha babu akainua sahani, akaipiga juu ya jiwe ili ivunjike, kama sheria inavyotaka. Ile ya baba ilikuwa ya udongo, ilivunjika mara moja. Lakini hii ilikuwa ya bati. Ilisema ngeee, ikaruka, ikaanguka kifudifudi mchangani, nzima. Babu akaifuata, akaiokota, akapiga tena. Ikabonyea. Akapiga tena, rangi ikaruka vipande. Mzee mtu mzima, nguo nyeupe, akiifukuza sahani uwanjani kama anamfukuza kuku. Hakuna aliyecheka. Mwisho akasimama nayo, anahema, hajui afanye nini, kwa maana katika Kundi hakuna aliyewahi kufikiri habari ya bati.

Mama akainuka. Akamwendea, akanyoosha mkono. "Basi nipe, Baba," akasema taratibu. "Imekataa."

Akampa. Vidole vyao viligusana, niliona. Kisha babu akageuka, akampa mgongo, na Kundi lote likageuka, duara la migongo myeupe. Tulipopita nyuma ya babu, akiwa bado ametazama ukuta wa nyumba yake, akasema, kana kwamba anauambia ukuta, "Barabara ya chini ina vijana. Piteni juu."

Tulipita juu, na vijana walikuwepo huko huko. Walikuwa wameweka mti njiani, wawili, majani kichwani, mmoja na mkuki. Mama akasogea kuwaonyesha mzigo wake, yule mwenye mkuki akaruka nyuma kama ameona nyoka.

"Mama, usinikaribie. Mwanamuke akinigusa maji yangu ya dawa yanaharibika, risasi itaingia."

"Na aliyeingiwa jana?" mama akauliza.

"Alivunja mwiko."

Mama akamtazama yule kijana toka majani mpaka miguuni. "Hata kwetu njo vile," akasema. "Kila anayekufa ndiye mwenye makosa."

Mwenzake akacheka, akausukuma mti kwa mguu ili asitukaribie. Tulipokuwa tumepita mbali mama naye akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi aweke mzigo chini na kushika mti, na Amani mgongoni akacheka kwa sababu alikuwa anatikiswa. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko cha mama. Nilimwuliza kama shingo yake inauma.

"Kwa nini iume?"

"Si wamekukata?"

Akaacha kucheka. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika uso, akanitazama muda mrefu sana, na nikaona jambo linaingia ndani yake polepole: panga lililopotea, viboko, mikono yangu juu ya shingo yake. "Mungu wangu," akasema. "Miaka hii yote." Hakunieleza. Akanishika mkono, akaanza kutembea haraka, karibu kukimbia.

Rugenge ilikuwa nusu tupu. Nyuma ya nyumba ya Mama Zaina kulikuwa na mtu amechuchumaa, anafunga mkeka na sufuria kwa kamba, tayari kwa mlima. Alikuwa ametupa mgongo. Mama akasimama.

"Muntu wa Rugenge," akasema. "Ndagala imekauka."

Yule mtu hakugeuka mara moja. Kamba ilimtoka mkononi. Kisha akageuka, akiwa amekonda, ndevu zimeota, lakini miguu ilikuwa ile ile iliyotaka kucheza. Akataka kumshika Amani, akaogopa. Basi akanichukua mimi. Akaniinua mpaka uso wangu ukawa juu ya wake, na mimi nikampinda kichwa upande mmoja, nikatazama, nikampinda upande wa pili, nikapitisha vidole nyuma chini ya nywele, mbele chini ya ndevu, polepole, nisikose mahali.

"Uko natafuta nini kwa shingo yangu, mama mdogo?"

"Mahali walikukata," nikasema.

Baba akamtazama mama. Mama alikuwa ameshakaa chini, amefungua mzigo, anapanga ndagala kwenye sahani iliyobonyea. Hakuinua macho.

"Mwache atafute," akamwambia. "Mpaka atosheke."